Kuku Mmoja kwa Thelathini

Hapo zamani, ila si zamani sana maana redio zilikwisha kuwapo, Mwajabu alikuwa amesimama katikati ya kuku thelathini, akimwuliza mumewe ni nani aliyempa ruhusa ya kumchukua kuku wake.

"Usiulize nilimchukua kwa ruhusa ya nani," Semkiwa akamjibu. "Uliza nimerudi na wangapi."

"Aliyeiba mbegu hageuki mkulima kwa sababu mvua imenyesha."

Mambo yalianza hivi. Kabla ligi kuu haijafunguliwa, mfuga kuku mmoja aitwaye Kilindo aliandika kwa chaki mlangoni pake bei za ubingwa. Ukibeti kuku mmoja kwa timu ya Radi, nao wakawa mabingwa, unalipwa wawili. Ukibeti mmoja kwa Wakwezi, unalipwa thelathini. Watu wakaamini Kilindo ni mtabiri, lakini Kilindo hakutabiri kitu. Timu ikipendwa, aliipunguzia bei. Ikikimbiwa, aliipandishia. Alichotaka ni kimoja tu: yeyote atakayetwaa kombe, kuku walioingia bandani wawe wengi kuliko watakaotoka. Radi walishuka kutoka watatu hadi wawili kabla hawajagusa mpira, kwa sababu jezi zao zilipendeza. Hiyo mjini iliitwa elimu ya soka.

Semkiwa, mtu asiye na mfano kwa hekima wala kwa uvivu, akamchukua kuku wa mkewe, kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, akambeti kwa Wakwezi. Kilindo akamfunga uzi mwekundu mkononi. Atakayeurudisha uzi ndiye atakayelipwa, tena kwa bei ya siku ya kubeti, hata bei ikibadilika. Kuku naye akabaki kwa Kilindo mpaka msimu uishe. Mwajabu akaambiwa kuku wake kaliwa na kicheche. Akasikitika sana, na mumewe akamfariji vizuri ajabu.

Wakwezi wakashinda, bei yao ikashuka hadi kumi. Wakashinda tena, ikashuka hadi watatu. Majirani waliomcheka Semkiwa sasa wakapanga foleni wapate hao watatu. Kisha Wakwezi wakafungwa mara mbili mfululizo, na Kilindo, kwa huruma zake, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Semkiwa. Akamwambia arudishe uzi leo achukue kuku wanane, asingoje kuja kulia.

Semkiwa alianza kuufungua uzi mgeni hajakaa. Mama yake, Bi Mwanamvua, akamnyang'anya, akajifunga mwenyewe kwenye kifundo cha mguu. Akasema kama uzi ule haufai, Kilindo asingetembea juani kuufuata. Mwajabu alipotoka kisimani akamkuta mkwewe na uzi mguuni, akaambiwa ni dawa ya baridi yabisi.

Wakwezi wakatwaa kombe. Kilindo akawalipa kuku thelathini bila kununa, na Mwajabu alipowatazama alielewa kwa nini hakununa. Wengi wao walikuwa vishingo. Kuku wake alikuwa ametaga, amelalia na kuangua msimu mzima katika banda la mtu mwingine, na sasa watoto wake walikuwa wakiitwa ushindi.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mwajabu alitaka kuwafuga. Semkiwa, aliyekwisha kuwa mtaalamu, alikuwa ameahidi kuwarudisha wote thelathini kwa Kilindo jioni ile ile, awabeti tena kwa Wakwezi. Wakwezi hao sasa bei yao ilikuwa wawili, lakini bingwa hafungwi, kila mtaalamu anajua hivyo. Mwajabu akaona akingoja magharibi hatabaki na hata unyoya. Akawaburuta mumewe, mkwewe na kuku kwa mjumbe, Bi Sangoda.

Semkiwa akasema mji mzima ulicheka, yeye peke yake akachagua, na bila jicho lake kishingo angekuwa mchuzi zamani. Na hapo hakusema uongo.

Bi Mwanamvua akasema bila mguu wake wangelipwa wanane, na mwanawe angeshukuru kwa hao wanane. Na hapo hakusema uongo.

Kilindo hakuitwa, lakini alikuja. Akasema kishingo hakula hewa wala vifaranga hawakukuzwa na mbiu za redio. Mtama ulikuwa wake, banda lake, na usiku kicheche alimfukuza yeye, kicheche wa kweli. Hakudai mengi, ila kuku warudi kwake kama alivyoahidiwa. Na hapo hakusema uongo.

"Shemeji Kilindo, wewe uliuza bei," Mwajabu akasema. "Mume wangu alicheza. Mkwe wangu alikaza fundo. Kuku wangu ndiye aliyelalia mayai, na mimi ndiye niliyedanganywa. Katika hao wote, nani aliniuliza?"

Na yeye hakusema uongo.

Mjumbe aliwasikiliza wote kwa makini. Kisha akavaa kandambili zake, akapita katikati ya watu waliojaa uani, na alipofika mlangoni akageuka.

"Mimi jogoo wangu alikwenda kwa Radi, kwa hiyo hukumu yangu haiaminiki," akasema. "Jua linazama na banda la Kilindo liko wazi. Haya, semeni nyinyi: aliyechagua, aliyekataa kuuza, aliyelisha, au mwenye kuku wake, nani aondoke na hawa thelathini?"