Kiboko Apata Nafuu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Kitanda!
Cha nani?
Cha mgonjwa!
Na aliyelala je?
Mzima, anakoroma!

Basi hapo kale wanyama walikuwa na hospitali yao ndani ya pango, na tabibu wake alikuwa Pimbi. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Bado wahitaji kulala hapa, au waweza kuuguzwa nyumbani?" Waliopona akawaaga, wagonjwa wapya wakaingia.

Ila Kiboko. Aliingia na mafua; mafua yakaondoka, yeye hakuondoka. Kisa? Desturi. Kumjulia mgonjwa hali hakuendwi mikono mitupu. Tembo akaleta matikiti. Nyati akaleta maboga. Kiboko akala, gubi! gubi! Akalala, korrr!

Masika yakaingia. Mama Paa akaja na mwanawe mwenye kichomi, kifua kinapiga filimbi. Kitanda hakuna. Mtoto akalazwa mlangoni, mvua ikimrushia.

"Mzee Kiboko, leo vipi?"

"Aa, tabibu, ndani kunauma."

"Ndani wapi?"

"Ndani ndani."

Pimbi akamshika mapigo. Mazima kama ngoma. Akajitenga kando, akawaza. Maumivu hayana mkia, useme utayavuta uyaone. Akimtoa mgonjwa wa kweli, dhambi. Akimwacha mtoto afe na baridi, dhambi. "Ee Mola," akasema moyoni, "wajua nimemwacha huyu kwa kuogopa meno yake, si kwa huruma." Kisha akaamua: "Basi na aseme mwenyewe."

Akarudi, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, umesema kweli. Hali yako mbaya. Mgonjwa wa hali hii hali kitu."

Kiboko akafungua jicho moja. "Hata tikiti?"

"Hata kulinusa. Watakula wanaokuuguza."

Wageni wakaja. Matikiti yakapita mbele ya pua yake, yakaenda zake.

"Tabibu! Napata nafuu kidogo."

"Nafuu ya kukaa?"

Kiboko akakaa. "Ya kukaa."

"Anayekaa hunywa uji."

Gubi! Uji ukaisha. "Na boga?"

"Boga la anayesimama."

Kiboko akasimama, kitanda kikalia kwacha! Boga likaenda. "Na tikiti, tabibu?"

"Tikiti la anayetembea. Matikiti yamepelekwa kule mtoni."

Kiboko akatembea, tifu! tifu! Mara akakimbia. Nyuma yake Mama Paa akamlaza mwanawe kitandani, bado pana joto.

Mtoni Tembo na Nyati walipomwona wakapiga kelele, "Alhamdulillahi! Mzee kapona! Karamu ya shukrani lini?" Maana desturi ni ile ile: aliyepona huwalisha waliomjulia hali.

"Mimi bado mgonjwa!"

"Mgonjwa gani anampita Swala mbio?" Nyati akacheka.

Kiboko akajitosa majini, chubwi! Hadi leo hutoa macho na pua tu, akichungulia kama wageni wameondoka.

Pimbi akaketi kwa mtoto, akasikiliza kifua. Filimbi imepungua. Akatubu uongo wake. Kisha akatubu tena, kwa kuwa uongo ule ulimfurahisha.

Funzo: ukilazwa, ndugu yangu, usiseme umepata nafuu mpaka tikiti liishe.

Ngano yangu imepona, imeruhusiwa kutoka. Ikiwa tamu, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa chungu, imezeni kama dawa.