Barua ya Nne

Hapo zamani, tena si zamani sana, mkandarasi Sekulamba alimjengea Mwinshehe kuta nne, akaapa kuezeka kabla ya masika, kisha akaupa mkataba kisogo. Mwinshehe alimwandikia barua tatu za kiofisi. Zote Sekulamba alizitemea maganda ya miwa. Ya nne Mwinshehe akaipeleka mwenyewe.

Sekulamba aliisoma akicheka. "Mwandiko gani huu? Kama kuku kapita kwenye majivu."

"Kuku ana nafuu, mkubwa. Mimi darasa la nne nilirudia mpaka mwalimu akahama shule."

"Na barua ya kiofisi haikosi nakala. Ya hii umempelekea nani, mkuu wa wilaya? Yule nakunywa naye chai."

"Mjinga kama mimi nitafika wapi huko? Nimempelekea mama mkwe wako. Amesema Ijumaa anakuja kuiona kazi ya mkwewe, na atalala humo humo."

Kicheko kikakatika.

Alhamisi jioni Sekulamba mwenyewe alikuwa juu ya kenchi, akigongelea bati la mwisho. Chini yake Mwinshehe aliikunja ile nakala akairudisha mfukoni, maana hata jina la mama mkwe huyo hakulijua.