Medali Moja, Shingo Tatu

Sogeeni karibu, na wewe wa pale nyuma acha kutafuna kwa kelele. Nimekuja na fundo ambalo meno yangu yameshindwa kulifungua, nikaona niwaletee ninyi wenye meno mengi. Nikimaliza nitauliza, na atakayejibu asijibu kwa kunifurahisha mimi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, kijiji cha tangawizi na ukungu, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu.

Nasemba alijua kupanda. Kila Jumatano na Jumamosi alipandisha mkungu wa ndizi sokoni, umekaa kichwani bila kushikwa, na hakuna aliyewahi kumwona akihema.

Senyaeli, fundi viatu, alijua kushona. Sindano yake aliichomeka kwenye kofia, uzi wa nta ameuzungusha hapo hapo, na kofia hiyo hakuivua popote ila kanisani.

Mntambo alijua kupuliza. Baragumu la pembe alilirithi kwa baba yake, na lilipolia, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya akaenda linakolia, kwani ndilo lililoita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kuziba mashimo ya barabara.

Na katikati ya hao watatu alikuwepo Togolani, asiye na kipaji chochote ila hamu. Nasemba ni mkewe, Senyaeli ni jirani yake, Mntambo ni kaka yake wa tumbo moja. Nampenda mtu huyu, nawaambia mapema msije mkasema niliwaficha. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la tangawizi, miaka hamsini na miwili, kutwa kwenye kiti akipima magunia ya wenzake, na kitambi chake kilimtangulia mlangoni.

Sasa, kila mwaka kijijini kwao kulikuwa na mbio za barabarani, kilomita ishirini na moja, kutoka tambarare hadi uwanja wa soko kule juu. Njiani kuna vilima vitatu. Cha kwanza kinaitwa Kikohozi, na sababu yake utaijua ukikipanda. Cha pili kinaitwa Mama Mkwe, kwa kuwa hupandwa kwa kuinamisha kichwa. Cha tatu hakina jina, maana waliofika huko hawakuwa na pumzi ya kukipa. Mbio zinaanza saa tatu asubuhi, na kengele ya kanisa ikilia saa sita, kamba inavutwa kukatisha barabara. Aliyefika kabla ya kamba anavikwa medali ya shaba yenye utepe wa kijani. Aliyefika baada yake anapewa chai ya tangawizi na pole.

Togolani alikuwa amekunywa chai hiyo miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza Kikohozi kilimlaza. Mwaka wa pili Mama Mkwe alimrudisha. Mwaka wa tatu aliona kabisa moshi wa majiko ya soko, ndipo kengele ikalia, akakaa chini barabarani akalia machozi, mtu mzima yule. Watu walimwonea huruma siku moja, kisha wakaanza kumtania mwaka mzima. "Karani, wewe kaa na mizani yako," walimwambia. Alicheka nao, lakini lilimuuma sana.

Basi Jumapili moja, kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa, pale panaponadiwa mikungu ya ndizi na kuku waliotolewa na waumini, utani ulimzidi. Akapanda juu ya stuli ya mnadishaji, akasema kwa sauti ambayo hakuitumia hata siku ya harusi yake:

"Mwaka huu medali ile naipata! Na nikiipata sitaivaa. Nitamvika mtu mmoja, yule aliyenifikisha, hapa hapa, Jumapili inayofuata mbio!"

Watu wakapiga makofi. Mchungaji alidhani anamsema Mungu, akaitikia amina. Nasemba alijua anasemwa yeye, akainamisha uso akitabasamu. Na mzee wa kanisa, Mzee Kiangi, mtu asiyesahau, akasema, "Tumesikia. Ahadi ni deni." Kule kwao neno lililotamkwa juu ya stuli ile halirudi mdomoni, awe mtu ametaja kuku au ametaja roho yake.

Kosa la karani ni kwamba alihesabu kabla ya kupima. Alidhani atafikishwa na mtu mmoja.

Sikilizeni alivyofikishwa.

Nasemba alimwamsha alfajiri, miezi sita. "Baba Nanzia, amka, mlima hauji kitandani." Alimtwika mkungu kichwani, yeye akatangulia. Karani alipoinua macho kutazama kilele, mkungu ulianguka, na Nasemba akasema bila kugeuka, "Mlima haupandwi kwa macho. Tazama visigino vyangu." Basi akatazama visigino vya mkewe miezi sita, mpaka akajua kila ufa uliokuwepo, na ndani ya moyo wake akaona haya kwamba miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kuvitazama. Ikumbukwe kwamba Nasemba alikuwa mwimbishaji wa kwaya, na kwaya ilifanya mazoezi alfajiri hizo hizo. Aliacha. Nafasi yake ya mbele ikachukuliwa na mwingine, na walipokwenda kuimba mjini, Nasemba alibaki nyumbani akimkanda mumewe miguu kwa maji ya moto. Siku ya mbio, Kikohozi kilipomtokea karani na mapafu kuanza kulia, aliviona visigino vile mbele yake ingawa mwenyewe hakuwepo, akavifuata hadi juu. Bila Nasemba, angelala kwenye kilima cha kwanza.

Senyaeli naye alikuwa mkimbiaji, na mzuri. Medali tano zilining'inia mlangoni pa kibanda chake, na msumari wa sita alikwisha ugongomea. Mwaka huo alikuwa na homa iliyomwanza juzi yake, akawa anakimbia polepole, ndiyo maana alikuwa hatua chache tu nyuma ya karani walipompanda Mama Mkwe. Hapo soli ya kiatu cha kulia cha karani ikabanduka, ikawa inapiga lami, pwata, pwata. Karani akajaribu kukimbia peku. Kokoto zikamkata, akasimama.

"Kaa chini, Karani," Senyaeli akasema.

"Nenda bwana, utachelewa!"

"Kaa nimekwambia."

Akapeleka mkono kofiani, akachomoa sindano, akashona pale pale ukingoni mwa barabara, mishono kumi na minane, huku wakimbiaji wakiwapita na jasho la homa likimtiririka machoni. Alipokata uzi kwa meno alimsukuma mgongoni. "Kimbia!" Yeye alipojaribu kuinuka, miguu iliyopoa ikagoma, ikambidi akae tena. Alifika sokoni dakika nne baada ya kengele, akanywa chai. Msumari wake wa sita uko mtupu hadi leo. Bila Senyaeli, karani angekomea kwenye kilima cha pili.

Mntambo... huyu ana habari yake. Miaka tisa alikuwa hasemi na mdogo wake, kwa sababu ya kipande cha shamba kisichotosha hata kulaza ng'ombe mmoja. Alikuwa ameapa kwamba neno la kumwambia Togolani halitatoka tena kinywani mwake. Nyumba yake iko juu ya kilima cha tatu, penye njia panda: kulia unashuka sokoni, kushoto unashukia bondeni kwenye mashamba. Mshale wa chokaa uliochorwa barabarani ulikuwa umefutwa na mvua ya usiku, na ukungu ulikuwa umekaa mzito, mtu haoni kiganja chake. Togolani alifika hapo peke yake, akashika kushoto.

Mntambo alikuwa uani akimenya mihogo. Hakuona mtu. Ila alisikia mtu anakoroma wimbo wa kanisa kwa sauti mbovu, na ubovu ule aliujua tangu walipolala kitanda kimoja wakiwa wadogo, maana Togolani akichoka huimba. Akasikia wimbo unateremka kushoto, unapungua. Alifungua mdomo amwite, kiapo kikamkaba. Akaingia ndani, akatoka na baragumu.

Nanyi mjue sheria: baragumu halipulizwi ila kwa msaragambo au maafa. Anayelipuliza bure hunyang'anywa. Mntambo aliijua kuliko wote, baba yake ndiye aliyemfundisha. Akalipuliza.

Kule chini Togolani akasimama. "Msaragambo leo? Wamerogwa hawa?" alisema, na hasira zikampanda. Lakini mguu wa mtu wa kule ukisikia baragumu haumngoji mwenyewe. Akageuka, akapanda kuelekea linakolia, mpaka ukungu ukamwonyesha njia panda, na kaka yake amesimama katikati, mashavu yamevimba. Wakatazamana. Mntambo akashusha pembe, akaielekeza upande wa kulia.

"Huko," akasema.

Neno moja, baada ya miaka tisa. Togolani alitaka kusimama, alitaka kusema kitu. Mntambo akampigia kelele, "Huko, mdogo wangu, kimbia!" Naye akakimbia huku analia, na nasikia mteremko ule aliushuka vizuri kuliko vijana.

Kengele ilianza kulia akiwa hatua kumi kutoka mwisho. Kamba ilikwisha inuka, imefika magotini. Togolani, ambaye hajaruka kitu tangu shule ya msingi, akairuka. Mama Nakiete, mshika kamba, alimvika medali huku akicheka hadi kanga ikamdondoka.

Lakini kule juu watu walikuwa wamefika kwa Mntambo na majembe yao, wakauliza kazi iko wapi. Hapakuwa na kazi. Jioni ile ile wazee walikuja wakalichukua baragumu, na Mntambo alilitoa kwa mikono miwili. Bila Mntambo, karani angekuwa bado anaimba mabondeni.

Ikafika Jumapili. Mnada ukaisha, kuku wa mwisho akapata mwenyewe, na Mzee Kiangi akaisogeza stuli. "Karani, tunakungoja." Togolani akapanda, medali mkononi, akawatazama watu wake watatu, na kwa mara ya kwanza tangu avuke ile kamba akatamani asingefika.

"Mvike mkeo!" wanawake wa kwaya wakapiga kelele. "Nani amekutengenezea miguu?"

"Mke na mume ni mwili mmoja," mtu akajibu. "Akimvika Nasemba amejivika mwenyewe."

"Basi fundi! Ameacha ya kwake ili wewe upate."

"Fundi gani? Si ndiye aliyeibandika hiyo soli wiki ile ile?"

Senyaeli akasimama. "Niliibandika, na nikamwambia aache kiatu chini ya jiwe siku mbili gundi ikauke. Kesho yake akaja kukichukua. Muulizeni." Togolani akatazama chini, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Ni Mntambo!" wazee wakasema. "Damu nzito kuliko maji. Amepoteza kitu cha baba yake kwa ajili ya nduguye."

"Na hiyo miaka tisa ya kununa tumlipe kwa medali?" akauliza Mama Nakiete, na watu wakacheka, kisha wakaona haya kucheka.

Mmoja akapendekeza wavae kwa zamu, kila mwezi mtu wake. Mzee Kiangi akatikisa kichwa: "Uliahidi mtu mmoja, na mimi nilikuwepo." Mwingine akasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, hivyo asipewe yeyote. Huyo alizomewa.

Togolani akawatazama tena. Nasemba alikuwa amesimama karibu na kwaya, si ndani yake, akiangalia nafasi yake ya zamani. Alimtikisia mumewe kichwa taratibu, na karani, pamoja na kumjua miaka ishirini na sita, hakuelewa kama anasema usinipe mimi au usinisahau mimi. Senyaeli alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani, ingawa walikuwa nje ya kanisa. Mntambo alisimama mbali, ukutani, mikono haijui pa kukaa kwa kuwa haina cha kushika. Wote watatu aliwapenda, na aliwapenda kwa namna inayouma.

Akainua medali juu. Shingo zote zikaifuata, hata za kuku.

Mimi nimeishia hapo. Msiniulize alifanya nini, ninyi ndio mmeletewa fundo. Yuko aliyempa alfajiri zake na wimbo wake. Yuko aliyempa medali yake mwenyewe. Yuko aliyempa kiapo chake na pembe ya baba yake. Mmoja angepungua, karani angekunywa chai.

Utepe ni mmoja. Mkono wa Togolani uko juu, na unaanza kuchoka. Haya, semeni: ungekuwa wewe juu ya stuli ile, medali ungeishusha kwenye shingo ya nani, na wale wawili wengine ungewatazamaje usoni?