Benzi Iliyobeba Maziwa

Usiulize umri, uliza mlezi. Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu Lugano alipotuonyesha kwenye simu gari analotaka kununua, akijisifu kwamba ni namba E, mpya kabisa, na viti bado vina nailoni. Mmecheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hamkukosea mlango. Methali hii ilianzia hapa hapa Tukuyu, na mjinga wa kwanza kufundishwa nayo ni mimi.

Wakati huo namba za magari zilikuwa ndiyo kwanza zimefika herufi C. Shamba moja la chai lilibadilisha uongozi, likauza magari yake yote kwa mnada. Mimi nilikuwa nakusanya maziwa vijijini na kuyaleta mjini kwa pikipiki, na kazi hiyo hiyo aliifanya Mama Subilaga, mjane mwenye ng'ombe tisa. Hospitali ya misheni ilitangaza kwamba inatafuta mtu mmoja wa kuiletea maziwa kila asubuhi, ila lazima awe na gari. Niliitaka kazi ile kwa roho yote. Mama Subilaga aliitaka kuliko mimi, maana aliuza ng'ombe wanne ili apate fedha ya mnada, na shemeji yake, Mwaisaka, alishamwambia mbele ya ukoo kwamba gari likimfia, watano waliobaki watahamia zizini kwake.

Siku ya mnada nilikwenda moja kwa moja kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, namba C, rangi inang'aa. Sikufungua hata boneti. Nilisoma namba nikaridhika, nikakinunua. Pembeni yake ilisimama Benzi nyeusi ya meneja, namba A, na kabla ya kuletwa nchini ilikuwa imeshakula miaka yake Ulaya. Hakuna aliyeisogelea isipokuwa mafundi, nao walikuwa wameshaanza kugawana: huyu redio, yule viti vya kuweka saluni kwake.

Mama Subilaga aliizunguka mara moja, akamuuliza dalali nani alikuwa anaiendesha. Dalali akamwambia kwamba gari huulizwa mwaka, haliulizwi dereva. Mama akamjibu taratibu kwamba yeye amenunua ng'ombe miaka thelathini, na hajawahi kumtoa ng'ombe mnadani kabla hajaonana na aliyekuwa akimkamua. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

Dereva akaitwa. Alikuwa Mzee Ambokile, mtu mwembamba, bado amevaa sare ya shamba ingawa shamba lilikuwa limeshamwachisha kazi.

"Shikamoo, kaka," alisema Mama Subilaga. "Nieleze magonjwa yake."

"Marahaba, mama. Asubuhi inataka uisubiri ipate joto, usiikurupushe. Bushi za mbele nilibadilisha mwaka jana. Oili sijawahi kuichelewesha hata wiki moja, na kwa miaka tisa niliyokaa nayo haijawahi kulala nje."

"Na wewe unakwenda wapi baada ya leo?"

"Nyumbani. Gari likiondoka, na kazi imeondoka."

"Basi panda. Naichukua hii, na wewe nakuchukua."

Hospitali ikatuambia sote wawili tupeleke maziwa Jumatatu ya kwanza ya masika, sista mkuu aamue. Nyinyi mnaijua barabara ile ya mawe inapolowa. Kirikuu changu, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, kilikuwa kimepita mikononi mwa madereva kumi na mmoja kwa miezi michache tu. Kila mmoja alikipakia chai kupita kiasi, akamwachia mwenzake kikilia. Springi zilikuwa zimekwisha. Kila jiwe nililipokea kiunoni, na maziwa yaliruka ndani ya madumu njia nzima. Kilizimika mara mbili mlimani. Nilipofika hospitalini nimechelewa na kulowa, nikafungua dumu, mabonge ya siagi yalikuwa yanaelea juu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Benzi ilikuwa imeshafika. Madumu sita yalikaa kwenye kiti cha nyuma alichokuwa akikalia meneja, yamefunikwa blanketi. Sista alimimina maziwa kwenye glasi, akayaangalia, akaonja. Yalikuwa kama yametoka kwenye kiwele muda ule. Hata hivyo alisita, akalitazama lile gari.

"Maziwa ni mazuri, mama. Lakini wagonjwa wangu wanataka maziwa mwaka mzima. Gari hili lina umri gani?"

Mama Subilaga alijua kwamba ng'ombe wake watano wamesimama juu ya jibu lile. Hakutafuta uongo. Alinyoosha mkono kumwonyesha Mzee Ambokile, aliyekuwa amepiga magoti kwenye tope akiifuta taa ya mbele kwa kitambaa.

"Usiulize umri, Sista," alisema. "Uliza mlezi."

Sista alimtazama mzee yule, kisha akaenda kuchukua kalamu ya kumwandikia mama mkataba.

Hiyo ni miaka kumi na mitatu iliyopita. Kirikuu changu hakikumaliza hata miwili. Benzi inapeleka maziwa mpaka leo, Subilaga amesomeshwa nayo hadi chuo kikuu, na zizi la mama yake lina ng'ombe ishirini na wawili. Kuna mfanyabiashara wa Mbeya aliyetaka kuinunua kwa bei inayozidi aliyolipa mama siku ile, akaambiwa haiuzwi.

Na mwaka jana, Mwaisaka alipomwoza binti yake, alikwenda kwa shemeji yake, kofia mkononi, kuomba Benzi imbebe bibi harusi. Mama Subilaga alimpa. Kwenye sherehe Mwaisaka akasimama mbele ya ukoo, wale wale waliomsikia akitisha, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

"Ndugu zangu, mimi niliuliza umri, nikataka kumnyang'anya mjane ng'ombe. Shemeji yangu aliuliza mlezi, na leo mwanangu amekuja harusini kama binti wa mfalme."

Watu walipiga vigelegele mpaka turubai likatikisika, na mimi nilipiga makofi kuliko wote. Kwa hiyo, Lugano, hiyo simu iweke mfukoni, ukamtafute kwanza aliyeliendesha hilo gari lako. Usiulize umri, uliza mlezi.