Tundu la Leokadia

“Mwiga kwa wivu huiga hata kosa.” Mwalimu wenu kawaambia hivyo leo, nanyi mmenijia mbio karakanani: “Babu Msengi, methali hii imetoka wapi?” Haya, kaeni kwenye benchi hilo la chuma. Imetoka kwangu mimi, na haikuanza kwa sifa.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi hapahapa Singida. Yakatangazwa mashindano ya kubuni mashine, na mshindi mmoja tu angesomeshwa uhandisi chuoni mpaka amalize. Baba yangu alikuwa mkulima wa alizeti, uwezo wa kunisomesha hakuwa nao. Nafasi yangu ilikuwa hiyo moja.

Mwezi wa tatu waamuzi walipita kuona tulichoanza. Mimi nilikuwa na mashine ya kupepeta alizeti, ya kukanyaga kwa mguu. Waliitazama, wakaandika, wakapita. Lakini kwa Leokadia, binti wa darasa letu aliyekuwa akiunda kinu cha kukamua mafuta, walikaa wakaongea na kucheka naye.

Jamani, wivu ulinila! Akisifiwa yeye, naona nimetukanwa mimi. Hata salamu yake niliiona majivuno, na maskini alikuwa ananisalimia tu.

Basi kila mchana alipokwenda kula, nilibaki na futi kamba nikipima kinu chake, mguu kwa mguu, tundu kwa tundu. Chuma cha kuundia changu sikuwa nacho. Nikachukua msumeno, nikaikata mashine yangu mwenyewe! Nilikata huku nasema moyoni, “Tutaona sasa watacheka na nani.” Kinu changu nikakifunika turubai mpaka siku yenyewe.

Siku ikafika, turubai likatoka, vinu viwili vikasimama kama mapacha. Leokadia alikitazama changu, akakitazama chake. Mwamuzi mkuu, Mzee Shango, akainama kwenye changu.

“Kijana, tundu hili la mguu wa mbele ni la nini? Halina hata nati.”

Sikujua. Nikasema, “La... la kupitisha hewa, mzee. Chuma kisishike joto.”

“Ehee.” Akaenda kwa Leokadia, akatia kidole kwenye tundu lilelile. “Na hili, binti?”

“Hilo nilikosea, mzee. Nilipima vibaya, ikabidi nitoboe jingine pembeni.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Shango peke yake hakucheka. Alirudi kwangu akauliza polepole, “Ile ya kupepeta iko wapi?”

“Nimeikata, mzee. Vyuma vyake ndivyo hivi.”

“Umeikata! Mwanangu, mwezi wa tatu tuliiweka ya kwanza. Leo tulikuja kuiona ikifanya kazi tu, basi.” Akatikisa kichwa. “Kumbe mwiga kwa wivu huiga hata kosa.”

Leokadia akaenda chuo, na haki yake. Mimi nikabaki hapa nawanolea patasi. Mashine ile sikuweza kuiunda tena. Kila nikishika msumeno nilikumbuka nilivyoikata. Kinu nikakivunja, vyuma vyake nikaungia benchi.

Ndiyo, hilo mlilokalia. Inameni mtazame mguu wa mbele. Mmeliona? Tieni kidole. Mwiga kwa wivu huiga hata kosa.