Gifti ya Bwana Fisi

Paukwa?

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe, sisi tumekuja na masikio tu!

Basi palikuwa na Fisi, fundi wa kula vya wenzake. Kila jioni alipita mlangoni kwa Bi Nguchiro. "Leta ulichopika." Naye akaleta, na watoto wake wakalala njaa.

Siku moja Bi Nguchiro akaokota sanduku la bati lililotupwa na Mjerumani, limeandikwa GIFT. Akalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, akatia nyama yake ndani.

Fisi huyo, kwata kwata kwata. "Leta ulichopika."

"Shikamoo, Bwana Fisi. Leo ipo gifti tu."

"Gifti ndiyo nini?"

"Kijerumani hicho. Sumu."

Fisi akageuza, kwata kwata kwata. Watoto wakala, wakashiba, wakanenepa mashavu.

Fisi akayaona yale mashavu, akashuku. Akamwendea Kasuku, aliyekulia nyumbani kwa Mholanzi. "Gifti ni nini?"

"Kwa Waholanzi ni zawadi," akasema Kasuku. "Lakini ngoja, sijama..."

Fisi angengoja, asingekuwa Fisi. Angengoja, angesikia kwamba Mholanzi na Mjerumani wana neno moja, na zamani lilikuwa kitu unachopewa, basi. Sasa dawa nayo unapewa, na ukipewa nyingi mno unakufa. Mjerumani akabaki na sumu, Mholanzi akabaki na vyote viwili. Msiwacheke. Hata hapa kwetu mtu akifa ghafla, majirani hunong'ona: kapewa kitu.

Bi Nguchiro alimwona Fisi akitoka kwa Kasuku. Haraka akatwanga mbegu za mbono, akachanganya na mafuta ya nyama, akajaza sanduku.

"Gifti ni zawadi," Fisi akanguruma mlangoni. "Nipe."

"Ukishasema wewe, Bwana Fisi, mimi nani nikatae? Haya, umepewa."

Gubu gubu gubu. Akaramba mpaka kwenye kona.

Tumbo likaitika: ngururu, ngururu. Kisha mkia ukainuka wenyewe, prrrr! Fisi mbio kichakani, prrrr! Huku analia, "Umenidanganya!"

"Nimekudanganya wapi? Mimi nilikwambia Kijerumani, wewe ukanijibu Kiholanzi."

Tangu hapo Fisi hapiti mlango ule. Hata ukimwambia "nikupe kiti," anatafuta kichaka.

Hadithi yangu imechoka, naiacha ilale. Asiyeiamini akarambe sanduku. Na funzo, watoto: uongo haufai, na chakula tugawane. Bi Nguchiro mwenyewe husema hivyo kila jioni, akishafunga mlango.