Boliti Nne za Safari

Kaeni, wapendwa. Najua jua limeshapanda na wengine mmeacha maharage jikoni. Mimi mwenyewe nimechoka leo, sitawaficha. Nina mfano mmoja tu, nao hauhusu shamba wala zizi. Ni wa mashine ya kufulia nguo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi za ndani Uarabuni miaka saba. Alipoondoka, binti yake alikuwa na miaka sita, akamwacha kwa bibi. Aliporudi, binti alikuwa na kumi na mitatu, amerefuka, anamwamkia mama yake shikamoo kwa adabu ile ya kumwamkia mgeni. Mama akapanga nyumba ya vyumba viwili, akamchukua mwanawe wakae pamoja. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mtoto huyu amzoee.

Na alikuja na mashine. Kule kwenye nyumba ya watu alifua shuka za watu tisa, na kila alipobonyeza kitufe alijiambia, siku nikirudi, mwanangu hatachubuka vidole kwa kufua. Mashine ikaja kwa meli ndani ya boksi lake, mpya kabisa.

Sasa sisi tunajuana. Tukinunua kochi, nailoni haitoki mpaka ichanike yenyewe. Friji ina mwaka wa tano na stika ya dukani bado ipo mlangoni. Kilichokuja na kitu tunasema kiwanda kinajua, usikiguse. Basi mama yule alipotoa boksi, aliona nyuma ya mashine boliti nne kubwa zenye vishikio vyekundu, akasema moyoni, hizi ndizo nguvu zake. Angejuaje? Kule mashine aliikuta imeshafungwa ukutani, yeye kazi yake kubonyeza. Kijitabu cha maelekezo hakukifungua. Alikitia kwenye sanduku lake, akapiga kufuli.

Maana alikuwa mtu wa kufuli. Msimcheke. Kule alikokuwa, mlango ukiachwa wazi, vitu vyake vilipekuliwa. Chakula alihesabiwa vipande. Akajifunza kufunga mlango, kuficha mkate chini ya godoro, kutojibu akisemeshwa vibaya, kutomwamini mtu. Alijikaza hivyo miaka saba, akarudi mzima. Wapo wenzake ambao hawakurudi.

Lakini alirudi nyumbani, na stoo ikapigwa kufuli. Kabati la sukari, kufuli. Chumba chake, kufuli. Funguo zote alizifunga kwenye pindo la khanga. Mtoto akitaka chai, aombe. Mtoto akichekacheka na simu, anaulizwa anacheka na nani na kwa nini. Hakuwa na roho mbaya, wapendwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka.

Siku ya kwanza ya kufua, mashine ilijaza maji, ikazungusha nguo polepole, mama akasimama pembeni anatabasamu. Ilipofika kwenye kukamua, ikaruka. Nyumba nzima ilitetemeka! Vikombe vikaanguka, mashine ikatoka ukutani ikaanza kutembea kuelekea mlangoni, inavuta waya wake, na mama ameikumbatia kwa mikono miwili anaibembeleza itulie. Binti alikimbilia nje.

Mama alipoizima, alichukua spana, akazunguka nyuma, akazikaza zile boliti nne.

Alikuwa mwanamke wa kujitegemea, fundi hakumwita. Alitazama kwenye simu jinsi watu wanavyotengeneza mashine zao nyumbani, akaenda duka la spea, akanunua miguu mipya ya mpira. Akalala chali kwenye sakafu ya simenti akaifunga mwenyewe. Mashine ikaruka. Akarudi dukani, akanunua mkanda wa kuzungushia pipa la ndani linaloshika nguo, akaubadilisha. Ikaruka. Akanunua shokapu, zile fimbo mbili zinazozuia pipa lisiyumbe, akazibadilisha mgongo ukimuuma, kucha zimejaa grisi. Ikaruka vilevile. Na kila mara, kabla ya kuwasha, alipita nyuma na spana yake, akazikaza boliti zaidi.

Jioni moja alimkuta binti yake kwenye bomba la jirani, ameinamia beseni, anafua sare za shule.

"Mbona unafua kwa watu?" mama akauliza. "Ile mashine nimemletea nani?"

"Inanitisha, mama."

"Nitanunua spea nyingine. Itatulia tu."

Binti akaendelea kusuuza soksi. Halafu akasema bila kuinua uso, "Kwa bibi tulikuwa tunafua kwa mikono, na tulikuwa tunacheka. Shule zikifungwa, naomba nirudi kwa bibi."

Mama hakujibu. Kutojibu ndiko alikojifunza. Aliingia ndani, akaenda chumbani kwake, na mtoto kule nje akasikia ufunguo unazunguka. Kwa yule mtoto, ile sauti ilikuwa ndiyo jibu. Lakini ndani ya chumba mama alikuwa amekaa chini, ameegemea mlango huohuo alioufunga, analia na khanga mdomoni asisikike. Nani kati yetu hajawahi kulia nyuma ya mlango alioufunga mwenyewe?

Kesho yake akarudi dukani. Muuza spea alikuwa baba mmoja wa makamo, miwani yake imeshikwa kwa uzi sikio moja, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Nipe beringi za mashine ya kufulia," mama akasema.

"Karibu tena, mama. Bado inakusumbua?"

"Inaruka. Nimebadilisha miguu, mkanda, shokapu. Zimebaki beringi."

Yule baba alishainua mkono kwenye rafu, akausimamisha hapohapo. "Mashine ilikuja mpya? Kwenye boksi?"

"Mpya kabisa."

"Zile boliti nne za nyuma ulizitoa?"

"Nizitoe?" Mama akajibu kwa fahari kidogo. "Nazikaza! Kila ikiruka, nazikaza."

Yule baba akaweka kikombe chini. Akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama yangu," akasema, "zile ni boliti za safari. Kiwandani wanalifunga pipa lisicheze, maana baharini lingegongwagongwa likafika vipande. Zimekulindia mashine yako njia nzima. Lakini ikishafika nyumbani, unazitoa. Pipa linatakiwa lining'inie, licheze kidogo, ndipo mtikisiko unaisha wenyewe. Usipozitoa, kilekile kilicholilinda ndicho kitakacholivunja."

"Na wewe umeniuzia vitu vyote hivi," mama akasema polepole, "hukuniuliza?"

"Sikuuliza," akajibu yule baba. "Ulikuja unataka spea, nikauza spea. Nisamehe, mama. Beringi usinunue kwanza. Kazitoe zile boliti, uziweke mahali, usizitupe. Siku ukihama utazihitaji. Ila sikudanganyi, kwa kukazwa kule beringi zitakuwa zimeumia kidogo. Itafua, lakini itakuwa na sauti."

Mama alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani aliyasema maneno yale peke yake, ikishafika nyumbani, unazitoa, na alipofika kwenye kona ya mtaa wao alishika pindo la khanga yake lililojaa funguo, akasimama. Watu walimpita wakimshangaa. Alikuwa amechoka, wapendwa, uchovu wa miaka saba ulimshukia pale barabarani.

Binti alimkuta nyuma ya mashine na spana. Boliti zilikuwa zimekazwa mno, moja ilikataa kabisa, wakashika spana wawili, mikono minne, ndipo ikalegea. Wakawasha. Mashine ikajaza maji, ikazungusha, ikafika kwenye kukamua, mtoto akarudi nyuma hatua mbili. Haikuruka. Ilinguruma tu, na chini yake kisauti fulani cha kukwaruza, kile ambacho muuza spea alikitaja. Sauti ile haijaondoka mpaka leo.

Mama akafungua lile fundo la khanga. Akamtolea binti ufunguo wa kabati la sukari na wa stoo.

"Nifungue nini?" binti akauliza.

"Fungua vyote. Usivifunge tena," mama akasema. "Kule nilikuwa nafunga nisiibiwe. Hapa hakuna mwizi, mwanangu. Nilichelewa kujua kwamba nimefika."

Mnataka niwaambie binti hakurudi kwa bibi? Alirudi. Shule zilipofungwa alipanda basi akaenda, na mama alimsindikiza, akarudi kwenye nyumba yenye milango wazi na kimya kitupu. Akasema moyoni, nimechelewa. Akaenda kuifuta mashine vumbi, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, akafungua kifuniko chake. Mle ndani alikuta sare za shule za binti yake, chafu, soksi na sidiria pamoja. Yule mtoto aliyekuwa akifulia kwa jirani ameacha nguo zake za ndani zifuliwe na mama yake. Mtu haachi nguo chafu mahali ambapo hana nia ya kurudi.

Basi, sisi je? Mimi nawaangalia hapa kila Jumapili. Humu mna mtu alifiwa, akajikaza asilie ili watoto waone yupo mtu mzima nyumbani. Ilikuwa miaka tisa iliyopita, na bado amejikaza, na watoto wanamwogopa. Humu mna mtu aliachwa, akafunga moyo ili asife. Hakukosea! Boliti zile zilimfikisha. Lakini maisha yakitikisika anabadilisha spea: amebadilisha kazi, amebadilisha mtaa, amebadilisha mke, amebadilisha hata kanisa, na kila akibadilisha anapita nyuma na spana anakaza palepale.

Na kosa si lake peke yake. Mimi mchungaji wenu nilipousikia mfano huu ukinijia kichwani, nilidhani mimi ndiye mama yule. Hapana. Mimi ni muuza spea. Mmekuja kwangu mnatetemeka, nikawapa mfungo. Mmerudi, nikawapa semina. Mmerudi tena, nikawapa mkesha. Mwaka hadi mwaka nimesimama kwenye rafu natoa, na sikuwahi kuweka kikombe chini nikamuuliza mtu hata mmoja ulifungwa wapi, na nani amekufungua. Nisameheni.

Leo sina spea. Kabla ya wimbo wa mwisho, geuka taratibu kwa aliyekaa karibu nawe. Usimhubirie. Usimpe ushauri. Muulize tu, "Ndugu yangu, umeshafika?" Na akikwambia bado, mshikie spana.